Viungo vya mchuzi, viungo vya mwili: jiko la Kihindi linaweza nini kwa goti linalouma

Kiswahili kimeweka neno moja, viungo, kwa goti linalouma na kwa bizari inayotiwa mchuzini. Pengine ndiyo maana habari ya manjano kutibu magoti huingia masikioni mwetu bila kubisha hodi. Ujumbe unaozunguka kwenye simu ni ule ule: glasi ya maziwa ya manjano kabla ya kulala, na baada ya wiki mbili mzee anapanda ngazi bila fimbo. India kwenyewe maziwa hayo huitwa haldi doodh, na kila bibi ana kipimo chake. Lakini jiko la Kihindi lina silaha nyingine, na zile zenye nguvu zaidi hazina rangi ya kuvutia: samaki wa mafuta, nafaka nyeusi nyeusi, mbaazi, mtindi, na aina ya mafuta yanayoingia kikaangoni. Manjano yamechukua sifa za wenzake. Ili tusichanganyane, hapa viungo ni maungio ya mwili. Vya mchuzini nitaviita bizari.

Kwanza, ni maumivu gani?

Anayesema "viungo vinaniuma" bado hajasema kitu. Nyuma ya maneno hayo kuna angalau magonjwa matatu, na chakula kinachomfaa mgonjwa mmoja humdhuru mwingine.

La kwanza ni kulika kwa gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa. Ni goti la mtu wa makamo au mzee linalouma akishuka ngazi na kutulia akikaa. Asubuhi hukakamaa, kisha hulegea ndani ya nusu saa. La pili ni baridi yabisi halisi, ambapo kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa kiungo. Vidole vya mikono yote miwili huvimba kwa pamoja, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Mitaani jina la baridi yabisi hupewa kila maumivu, hata ya mgongo wa mbeba mizigo, na hapo ndipo ushauri unapoharibika. La tatu ni jongo: fuwele za asidi ya yuriki zinajikusanya ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na mtu anaamka usiku wa manane asiweze kuvumilia hata shuka kukigusa.

Yote matatu yana mchochota, yaani kiungo kuvimba, kupata joto na kuuma kwa sababu kinga ya mwili imeamka. Kinachouamsha ndicho kinachotofautiana. Ukijua wako ni upi, nusu ya vyakula unavyokatazwa na majirani vitarudi sahanini.

Hesabu ya manjano

Kijiko cha chai cha unga wa manjano kina gramu 3 hivi. Kemikali inayosifiwa, kurkumini, ni kama asilimia 3 ya unga huo, kwa hiyo kijiko kizima kinakupa miligramu 90. Sasa linganisha. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la watu 367 wenye magoti yaliyolika: kundi moja lilipewa dondoo la manjano, yaani kurkumini iliyokolezwa, miligramu 1,500 kwa siku, jingine dawa ya maumivu ya ibuprofeni miligramu 1,200, kwa wiki nne. Maumivu yalipungua kwa kiasi kinachokaribiana, na waliolalamikia tumbo walikuwa wachache zaidi upande wa manjano. Habari njema, ila dondoo si unga wa jikoni. Ukitaka kurkumini ya kiasi hicho kutoka kwenye kopo lako, itabidi ule vijiko zaidi ya kumi kila siku, na hakuna mchuzi unaostahimili hilo.

Halafu utumbo wenyewe hauipokei vizuri. Mwaka 1998 watafiti wa chuo cha tiba cha St. John's, Bangalore, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini peke yake, na iliyoonekana kwenye damu ilikuwa kidogo mno. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ile kemikali inayoifanya pilipili manga iwashe, iliyoingia mwilini iliongezeka kwa asilimia 2,000. Miligramu 20 hizo zinapatikana katika pilipili manga iliyosagwa isiyofika robo kijiko cha chai. Kurkumini pia huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kwa hiyo manjano yaliyokorogwa kwenye maji baridi asubuhi, kama wengi wanavyoshauriana, yanapaka meno rangi na kufanya kazi ndogo sana nyingine.

Ndani ya chakula, utaratibu wa kuunga dali, ule mchuzi wa mbaazi au dengu, ndio unaoyapa manjano nafasi nzuri. Pasha kijiko kikubwa kimoja cha mafuta au samli. Tia nusu kijiko cha chai cha mbegu za haradali, ungoje zipasuke zote. Zisipopasuka zitabaki chungu. Fuata na jira, ile bizari nyembamba, kisha kitunguu saumu. Manjano yaje mwisho kabisa, nusu kijiko cha chai, moto ukiwa mdogo, kwa sekunde 20 au 30 tu, halafu papo hapo tia nyanya au dali yenyewe. Ukiyatanguliza yataungua, yatageuka kahawia, na uchungu wake hauondoki hata kwa sukari. Pilipili manga itiwe ikiwa imetoka kusagwa, chungu kikikaribia kuepuliwa.

Maziwa ya manjano nayo yana makosa yake. Pima mililita 250 za maziwa, nusu kijiko cha chai cha manjano na pilipili manga inayotosha ncha ya kisu. Chemsha kwa moto mdogo dakika tano hadi saba ukikoroga, kwa sababu unga hupenda kukaa chini na kushika sufuria. Maziwa yaliyotolewa mafuta yaongezwe nusu kijiko cha samli. Ukitaka utamu wa sukari guru, ipua kwanza, uache yapoe kidogo, ndipo uitie. Sukari guru ikichemshwa pamoja na maziwa huyakata. Tangawizi mbichi huyakata pia, kwa sababu ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Dawa yake ni kuichemsha tangawizi kwenye maji dakika tano, moto ukiue kimeng'enya hicho, kisha maziwa yafuate. Wapika chai ya maziwa wanalijua hili kwa mkono hata kama hawajui sababu.

Kinywaji hicho ninakiona kizuri kwa usingizi na kwa koo. Kwa viungo, ningemwambia mtu achague rasam, ile supu nyepesi ya Watamil wa kusini mwa India, kwani ina manjano, pilipili manga ya kutosha na mafuta kidogo, wala haina sukari. Loweka ukwaju wa ukubwa wa limau dogo kwenye vikombe viwili na nusu vya maji ya moto kwa robo saa, kamua, chuja. Twanga kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, kimoja cha jira na punje nne za kitunguu saumu, zibaki chembechembe, zisiwe unga. Chemsha maji ya ukwaju na nyanya moja iliyopondwa, robo kijiko cha manjano na chumvi kidogo, hadi harufu ya ukwaju mbichi iishe, dakika nane hivi. Tia ulichotwanga. Povu likipanda kwenye kingo za sufuria, ipua hapo hapo. Rasam iliyotokota baada ya hapo hupoteza harufu na kuwa chungu. Malizia kwa samli kijiko kimoja cha chai, mbegu za haradali, chembe ya mvuje na majani ya mchuzi. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze pilipili manga kwa nusu au aiache kabisa.

Ununuzi, mahali watu wanapoumia

Watamil huyaita manjano manjal, na mji wao wa Erode ni soko kubwa la zao hilo; Nizamabad na Sangli pia yana majina. Wapishi wanaotafuta nguvu huulizia Lakadong, manjano ya milima ya Meghalaya, ambayo kurkumini yake hufika asilimia 7, yaani mara mbili au zaidi ya ile ya kawaida.

Lakini rangi kali si ushahidi wa ubora. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba nchini Bangladesh wasindikaji walikuwa wakiyapaka manjano kromati ya risasi, rangi ya viwandani, ili yang'ae. Risasi hiyo ni sumu ya ubongo na figo, na watoto huumia zaidi. Serikali ya huko ilikaza kamba na hali ikabadilika haraka, ila mchezo huo umeonekana sehemu nyingine za Asia Kusini pia, Bihar ikiwamo. Kununua vipande vizima kunasaidia, lakini si kinga kamili, maana kilichokuwa kikipakwa ni mizizi yenyewe. Chagua iliyofubaa yenye vumbi kuliko ile inayong'aa kama imepigwa rangi. Kwa unga, kuna kipimo ambacho mamlaka ya chakula ya India huwafundisha wanunuzi: nyunyiza kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, usikoroge. Manjano safi huzama taratibu na kuyaacha maji na umanjano hafifu. Yaliyotiwa rangi huyafanya maji yawe manjano makali mara moja. Kipimo hicho hunasa rangi nyingi, si kila uchafu.

Na jina lenyewe lichunguzwe dukani. Bara, hasa Tanzania, ukisema binzari wengi watakupa manjano. Pwani, bizari ni mchanganyiko wa mchuzi ambao manjano ni sehemu yake tu. Anayefuata kipimo cha nusu kijiko ajue anapima nini.

Tangawizi, uwatu na laddu za baridi

Tangawizi kavu, sonth, si sawa na mbichi iliyopungua maji tu. Ikikauka, kemikali zake za jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambazo ni kali zaidi. Majaribio mengi ya magoti yaliyolika yalitumia nusu gramu hadi gramu 1 ya tangawizi kwa siku, na faida iliyoonekana ilikuwapo, ila ndogo. Baadhi ya washiriki waliacha kwa sababu ya kiungulia. Nusu gramu ni robo kijiko cha chai, kiasi kinachotosha kikombe kimoja cha chai bila kukukunja uso.

Rajasthan na Gujarat, baridi ya Desemba ikiingia, familia hutengeneza laddu, yaani madonge matamu ya duara, za methi, ambayo ni uwatu, kwa ajili ya wazee wenye viungo vinavyokakamaa na kwa mama aliyejifungua. Hapa mapishi ni ya ufundi, na yanaharibika kwa njia nne tofauti.

Saga gramu 50 za uwatu, uuloweke usiku kucha kwenye nusu kikombe cha maziwa. Usipofanya hivyo uchungu wake utashinda sukari yote utakayotia. Asubuhi ukaange kwa samli kidogo, moto mdogo, hadi ukauke na kunukia. Pima gramu 250 za samli. Katika sehemu yake, kaanga gramu 50 za gond, ile gundi ya kula itokayo kwenye miti jamii ya migunga, konzi ndogo ndogo. Inatakiwa ifure kama bisi. Moto ukiwa mkali itafura nje na kubaki jiwe ndani, na jiwe hilo litavunja jino la huyo huyo mzee unayemhurumia. Ponda punje moja kwa kijiko kabla ya kuendelea, isikwame. Kwenye samli iliyobaki kaanga gramu 250 za unga wa ngano usiokobolewa, dakika 15 hadi 20, hadi upate rangi ya hudhurungi. Ipua. Changanya vyote, pamoja na gramu 75 za lozi zilizotwangwa, vijiko viwili vikubwa vya tangawizi kavu, iliki na kungumanga. Mwisho gramu 250 za sukari guru iliyokunwa, mchanganyiko ukiwa vuguvugu. Ukiiyeyusha motoni ikawa shira, laddu zitakuwa ngumu kama kokoto zikipoa. Zikikataa kushikamana, ongeza kijiko cha samli ya moto, si maji; maji huleta ukungu ndani ya siku chache.

Unapata laddu 26 hivi, kila moja ikiwa na gramu 2 za uwatu, nusu gramu hivi ya tangawizi, na karibu kalori 180. Namba hiyo ya mwisho ndiyo isiyosemwa. Laddu zilibuniwa kwa mkulima anayeamka kwenye baridi ya jangwani na kulima hadi jua litue. Mzee wa mjini anayekula mbili asubuhi na moja na chai ya jioni anaongeza uzito, na goti lake ndilo linalolipa deni. Moja kwa siku, na iwe mahali pa chapati moja, si juu yake. Anayetumia dawa za kisukari apime sukari mara nyingi zaidi anapoanza, kwa kuwa uwatu huishusha. Mjamzito asile uwatu kwa wingi huu.

Samaki, na njia ya wasiokula samaki

Ningeulizwa ni chakula gani kimoja cha India chenye ushahidi mzito dhidi ya mchochota wa baridi yabisi, nisingetaja bizari yoyote. Ningetaja mathi, dagaa wa mafuta wa Kerala, na bangda, ambaye ni kibua yule yule wa Mombasa, Tanga na Unguja. Samaki huyo anaogelea kuanzia pwani yetu hadi Indonesia. Mafuta yake ya omega-3 hupunguza malighafi ambayo mwili hutengenezea kemikali za mchochota. Majaribio ya wagonjwa yalitumia gramu 3 hivi kwa siku, kwa wiki 12 au zaidi, kiasi ambacho kwa kawaida hutoka kwenye vidonge. Sahani mbili au tatu za samaki kwa wiki hazifiki hapo, ila zinasogea upande huo, na zinachukua nafasi ya nyama na vyakula vya kukaanga.

Namna ya kupika inaamua. Samaki akizamishwa kwenye mafuta ya moto, sehemu ya mafuta yake hutoka na ya kikaangoni huingia. Kerala hupika kwenye chungu cha udongo: robo kijiko cha uwatu mzima kwenye mafuta ya nazi, sekunde chache tu kabla haujawa mwekundu, kisha tangawizi, kitunguu saumu, majani ya mchuzi, manjano na pilipili ya unga iliyolainishwa kwa maji. Huongezwa kudampuli, tunda kavu jeusi lenye ukali wa moshi. Mahali lisipopatikana, ukwaju au ndimu kavu vinatosha. Mchuzi ukichemka wapange samaki nusu kilo, dakika kumi hadi kumi na mbili kwa moto mdogo. Usiingize mwiko. Shika chungu kwa masikio yake ukizungushe, la sivyo utapakua miba na uji. Wenyewe watakwambia mchuzi huo ni wa kesho.

Mamilioni ya Wahindi hawali samaki, na wao wana alsi, mbegu za kitani. Kijiko kikubwa kimoja cha mbegu zilizosagwa kina gramu 1.6 hivi ya omega-3 ya mimea. Mwili hubadilisha sehemu ndogo tu ya hiyo kuwa ile ya samaki, kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni badala kamili. Mbegu nzima hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia; lazima zisagwe. Maharashtra hutengeneza chatine kavu: kikombe kimoja cha kitani kikaangwe bila mafuta kwa moto mdogo hadi zianze kutatarika, dakika tano au sita, zipoe kabisa, kisha zitwangwe na pilipili kavu tano, punje nane za kitunguu saumu, jira na chumvi. Ukizitwanga zikiwa na joto hutoa mafuta na kushikamana kuwa donge. Weka kwenye friji, maliza ndani ya wiki mbili au tatu. Ikinuka kama rangi ya mbao, imechacha, itupe.

Kuhusu mafuta ya kupikia nitasema machache. Samli kidogo haina ugomvi na viungo. Vanaspati, ile samli ya kiwandani, ndiyo iliyoleta mafuta mgando mabaya ya transi hadi India ilipoyawekea kikomo cha asilimia 2 mwaka 2022. Mafuta yaliyokaangia bhajia asubuhi, mchana na jioni yaachwe kwa muuza bhajia.

Goti linapima kilo

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa wazee wanene wenye magoti yaliyolika ulikuta kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua. Kwa mwenye kulika kwa gegedu, hakuna unga wala majani yanayofikia hesabu hiyo. Na hapa ndipo nafaka za India zinapoingia, ambazo kwa kweli ni zetu: ulezi, mtama na uwele vilisafiri kutoka Afrika hadi bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Huko huitwa ragi, jowar na bajra. Havina miujiza, vinashibisha kuliko wali mweupe na chapati za unga mweupe, na ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalisi katika kila gramu 100.

Mla ugali ataitambua ragi mudde ya Karnataka mara moja. Chemsha vikombe viwili vya maji na kijiko kimoja cha unga kilichokorogwa kwanza kwenye maji baridi, kisha mwaga kikombe kimoja cha unga wa ulezi katikati, kama kichuguu, usikoroge. Funika, moto mdogo, dakika tano. Ndipo usonge kwa nguvu hadi madonge yaishe, ufinyange kwa mikono iliyolowa. Huliwa na mchuzi mwepesi wa majani na dali, donge huchovywa na kumezwa bila kutafunwa.

Dali yenyewe, tur, ni mbaazi zilizokobolewa, na sehemu ya mbaazi zinazoliwa India hulimwa Tanzania na Msumbiji. Nyuzi zake hulisha bakteria wema wa utumbo, na bakia la jana na ulezi ni mlo kamili wa bei ndogo. Sahjan, mlonge wetu, hutiwa kwenye sambar, mchuzi wa dali wenye mboga, maganda na majani. Ni chakula bora, ila sifa zake za kutibu viungo bado zimetegemea zaidi panya wa maabara kuliko watu.

Jongo hugeuza meza

Mwenye jongo asome tena sehemu ya samaki na aipunguze: dagaa na vibua wana purini nyingi, ambazo mwili huzigeuza asidi ya yuriki. Ajabu ni kwamba India mgonjwa huyu hukatazwa kwanza dali, maharage na mchicha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulifuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12: nyama na vyakula vya baharini viliongeza hatari ya jongo, mboga na kunde zenye purini hazikuiongeza, na maziwa yasiyo na mafuta mengi yaliipunguza. Kwa hiyo dali ibaki. Na chaas, mtindi uliopigwa na maji, ni kinywaji chake: sehemu moja ya mtindi, tatu za maji, jira iliyokaangwa na kusagwa, tangawizi kidogo, chumvi ncha ya kidole. Soda na juisi za sukari ziondoke, pamoja na bia. Lakini chakula pekee hushusha yuriki kidogo tu. Anayepata mashambulizi mara kwa mara anahitaji dawa.

Marufuku ya vitu vichachu, yaani mtindi, ndimu, ukwaju, nyanya na bilinganya, inasikika India kama inavyosikika Kariakoo. Haina ushahidi wa kutosha. Wapo wachache wanaohisi nyanya au bilinganya huwachokoza, na njia ya kujua ni kuacha kimoja kwa wiki tatu, kukirudisha kwa siku tatu mfululizo, na kutazama. Kuacha vyote kwa mpigo hakukufundishi kitu, na kunakuacha na wali na chumvi.

Pale chakula kinapokuwa hatari

Manjano ya mchuzini hayana shida kwa watu wengi. Vidonge ni jambo jingine: Marekani na Italia zimerekodi watu waliogeuka macho na ngozi kuwa rangi ya njano kwa ini kuumia baada ya kutumia vidonge vya kurkumini, hasa vilivyoongezwa piperini. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiviguse bila daktari kujua. Mwenye historia ya mawe ya figo apunguze hata unga, kwa kuwa una oksaleti nyingi.

Poda za "dawa ya viungo kutoka India" zisizo na lebo ziogopwe zaidi ya kitu chochote kilichotajwa hapa. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima bidhaa 70 za Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, zilizotengenezwa Asia Kusini na kukuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Nyingine hufanya maajabu kwa siku tatu kwa sababu zimetiwa steroidi, dawa kali za kuzima mchochota, kwa siri.

Mwenye baridi yabisi aliyeandikiwa methotreksati, dawa inayomezwa mara moja kwa wiki na si kila siku, asiiache kwa sababu rasam imempa nafuu. Kiungo huharibika zaidi katika miezi ya mwanzo, kimya kimya, hata maumivu yakiwa yamepoa. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla kikawa cha moto, pamoja na homa, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi.

Anayetaka kujua kama meza yake mpya inamsaidia achukue daftari. Kila asubuhi aandike mambo matatu: maumivu kati ya 0 na 10, dakika alizokakamaa tangu kuamka, na vidonge vya maumivu alivyomeza jana. Uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla ya kunywa chai. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja: wiki mbili za mwanzo aandike tu bila kubadilisha lolote, kisha aanze na nafaka na sukari ya chai, baadaye samaki au kitani, bizari mwisho. Samaki wapewe wiki 12 kabla ya kuhukumiwa. Tangawizi inatosha sita. Kama dakika za asubuhi hazijapungua kufikia hapo na kiungulia kimeanza, iachwe, ibaki ya chai ya wageni.